Sura ya Tano: Kipimo Ni cha Nani?

Tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu wakazi 570,674 katika mji huu ulioanza kama kituo cha reli, kati ya volkano ya Menengai na ziwa la heroe. Wenye ploti walifurahi, maana hati ya jiji hupandisha bei ya ardhi. Wapangaji wa mitaa ya Kaptembwo na Rhonda waliendelea kupanga mitungi kwenye bomba la ploti kama walivyofanya kabla ya sherehe.

Mji ukishapata hati, wauzaji wa mitambo hawakawii kubisha hodi. Huja na kamera za barabarani, taa zinazojiwasha zenyewe, mita zinazotuma hesabu kwa mtandao, na skrini kubwa ya kuyaonyesha yote hayo katika chumba kimoja cha wakubwa. Baadhi ya vifaa hivyo vina manufaa ya kweli, na sura hii haivipingi. Lakini kila kimoja, ukikichunguza, ni chombo cha kupima. Kinapima magari, maji, umeme au nyuso za watu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mkazi ana haki ya kuuliza: kipimo hiki ni cha nani? Nani alitaka kujua? Nani ataambiwa jibu? Na nani atawajibika kutenda akishalijua?

Jiji mahiri ni lile linalopima mambo ambayo wakazi wake wanahitaji kuyajua, na kuwapa majibu mapema kiasi cha kuwafaa. Nakuru na Bonde la Ufa la kati ni mahali pazuri pa kulijaribu dai hili, kwa sababu maji na ardhi ya hapa vimebeba hatari zisizoonekana kwa macho.

Majiji yaliyoanza na mitambo

Tuanze mbali kidogo. Songdo, Korea Kusini, ni mji uliojengwa juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini. Taka za nyumbani zilipangiwa kufyonzwa kwa mabomba ya chini ya ardhi, na vihisio vikawekwa kila upande. Mitambo ilikuwepo kabla ya watu, na kwa miaka mingi watu walikuja polepole kuliko ilivyotarajiwa. Toronto, Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kujenga mtaa wa kisasa kando ya ziwa. Wakazi wakauliza swali letu lilelile: taarifa zitakazokusanywa kutuhusu zitakuwa mali ya nani? Mabishano yakadumu, na Mei 2020 kampuni ikajiondoa, ikitaja hali mbaya ya uchumi.

Kenya nayo ina Konza, kusini-mashariki mwa Nairobi, kwenye ekari 5,000 zilizotengwa chini ya Ruwaza ya 2030. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013. Barabara zimejengwa, kituo cha data kipo, lakini wakazi bado ni wachache mno kwa mji uliotangazwa kwa kishindo hicho. Konza ilipewa nyaya kabla ya kupata soko, shule na majirani. Nakuru ina hali tofauti kabisa: watu wapo tayari, na mahitaji yao yanajulikana na kila anayeishi nao. Ni bahati ambayo waliobuni Konza wangeitamani.

Meno ya mtoto wa Nakuru

Kuna alama inayowatambulisha wengi waliokulia Nakuru, Njoro, Elburgon au Naivasha: meno yenye madoa ya kahawia. Chanzo chake ni floridi. Miamba ya volkano huiachilia ndani ya maji ya chini ya ardhi, na visima vingi vya eneo hili vina kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huumia. Floridi haina rangi wala ladha ya kumwonya mnywaji. Kuchemsha hakusaidii pia, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki ndani ya sufuria.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kulikabili tatizo hili kwa njia ambayo haikuhitaji waya wala kompyuta. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri hadi iwe mkaa, ikasagwa na kuchekechwa kuwa punje ndogo. Maji yakipita katikati ya punje hizo, floridi hunasa. Vichujio vya ndoo vikatengenezwa kwa ajili ya nyumba, na vikubwa kwa ajili ya shule na visima vya jamii. Huo ni uhandisi halisi, uliofanywa na watu walioanza na meno ya mtoto kisha wakatafuta chombo.

Hata hivyo mkaa wa mifupa huchoka. Ukishanasa floridi ya kutosha, maji huanza kupita yakiwa na sumu yake kama mwanzo, na mama anayechota hana namna ya kujua isipokuwa mtu ayapime. Hapa ndipo teknolojia ya kisasa ingekuwa na kazi ya heshima. Hebu linganisha na mita ya kidijitali inayopigiwa debe. Mita hiyo hupima ni lita ngapi zimepita, kwa sababu mtoza bili anahitaji kujua. Nakuru ni miongoni mwa miji ya Afrika iliyojaribu mapema mita za kulipia kabla katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na zina faida zake: mpangaji hununua kiasi anachomudu, na habebeshwi deni la jirani. Lakini swali la mama mwenye mtoto wa miaka mitatu halihusu lita. Anataka kujua kama maji ya kisima hiki ni salama kwa mwanawe. Jiji likitumia fedha nyingi kujibu swali la mtoza bili na lisitumie chochote kujibu la mama huyo, limeshaonyesha limewekwa kwa ajili ya nani.

Suluhisho halihitaji skrini kubwa. Kila kisima na kila kioski cha maji kipewe namba. Maji yapimwe kwa ratiba inayojulikana. Matokeo yaandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, na yeyote aweze kutuma namba ya kioski kwa ujumbe mfupi, kwa simu ya kawaida kabisa, akajibiwa floridi ni kiasi gani na kichujio kilibadilishwa lini. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kamera. Ugumu wake uko kwenye uwajibikaji, maana kioski kikishaandikwa ukutani kuwa si salama, lazima mtu afike kukitengeneza.

Kutoka chooni hadi jikoni

Nyumba nyingi za Nakuru hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Ploti yenye vyumba vya kupanga hutegemea choo cha shimo, na shimo likijaa, mwenye nyumba huita eksosta, lori la kunyonya uchafu. Palipo na njia nyembamba lori halifiki, na mvua ikinyesha uchafu hutafuta mteremko. Mteremko wa Nakuru unaelekea ziwani, na ziwa hilo halina mto wa kutolea maji nje. Kinachoingia humo hubaki humo.

Katika muongo uliopita, kampuni ya maji ya jiji, NAWASSCO, pamoja na mashirika ya SNV na Umande Trust na kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ililigeuza tatizo hilo kuwa bidhaa. Kinyesi kutoka vyoo vya mashimo hukaushwa kwa jua, hupitishwa motoni hadi kiwe kaboni, huchanganywa na unga wa mbao uliochomwa, kisha hufungwa kwa molasi na kuviringishwa kuwa makaa madogo ya duara. Moto ule huua vijidudu na kuondoa harufu. Biashara hiyo ikaitwa Nawasscoal, na makaa yake yakaingia majikoni, mikahawani na kwa wafugaji wa kuku wanaohitaji joto la vifaranga.

Angalia mahitaji mangapi yamejibiwa kwa pamoja. Mwenye ploti alihitaji choo kisichofurika. Mpishi alihitaji makaa nafuu yanayowaka muda mrefu. Misitu ya Mau, ambako Mto Njoro unaanzia kabla ya kushuka hadi ziwani, ilihitaji kupumzishwa na shoka la wachoma makaa. Walioubuni mpango huu walifuata safari ya uchafu kutoka shimo la choo hadi ukingo wa ziwa, wakaona mahali pa kuikatiza. Vihisio havikuhitajika, ila bila shaka vingesaidia sasa: ramani ya simu inayoonyesha mashimo yaliyokaribia kujaa na eksosta iliyo karibu ingepunguza gharama ya kila safari. Kifaa kingekuja nyuma ya hitaji, na hapo kingefanya kazi.

Ramani iliyofungiwa kabatini

Nakuru imekaa juu ya mipasuko ya Bonde la Ufa. Chini ya mitaa ya magharibi mwa mji kuna majivu ya volkano yaliyolegea, yaliyojaza nyufa za zamani. Mvua kubwa ikinyesha, maji huyachimba majivu hayo kwa chini, na ardhi huzama ghafla. Mashimo ya aina hiyo yamefunguka Rhonda, Kaptembwo na Kiamunyi kwa nyakati mbalimbali. Machi 2018, ufa mkubwa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa, na picha zake zikazunguka duniani kote.

Wanajiolojia wanaijua mipasuko hii, na imechorwa kwenye ramani za kitaalamu. Mtu ambaye hajui ni yule anayelipa akiba ya miaka kumi kwa ploti ya futi hamsini kwa mia moja. Dalali hamwambii, na hati ya ardhi haionyeshi. Maarifa yapo, lakini yamekaa upande usiofaa wa kaunta.

Hali ni hiyohiyo kwa ziwa. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka kiasi cha kupuliza vumbi. Tangu mwaka 2010 hivi limekuwa likipanda, sawa na Baringo, Bogoria na Naivasha. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyamapori ya Ziwa Nakuru lilizama, na familia za upande wa Mwariki zikahama nyumba zilizoingiliwa na maji. Naivasha, mtaa wa Kihoto umefurika mwaka 2020 na tena 2025. Wanaoishi Kihoto wengi ni wapangaji wenye kipato kidogo, wanaokaa hapo kwa kuwa kodi ni nafuu. Kodi hiyo nafuu ndiyo iliyokuwa tangazo pekee la hatari walilopewa.

Kuna misiba mikubwa zaidi ambayo Kaunti ya Nakuru haipaswi kuisahau. Jioni ya tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai lilivunja kingo na kuua watu zaidi ya 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, baada ya takataka na magogo kuziba njia yake, yalilibomoa tuta hilo na kuishukia Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walifariki, wengi wao wakiwa usingizini. Kihisio cha kupima kina cha maji nyuma ya ukuta ni kifaa rahisi kuliko kamera inayotambua namba za magari. King'ora ni rahisi zaidi. Ikiwa serikali ina uwezo wa kumtumia faini mwenye gari kwa simu, inao uwezo wa kuwaamsha wanaolala chini ya bwawa.

Dar es Salaam ilituonyesha njia. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika kama Tandale. Walitembea uchochoro kwa uchochoro wakichora mifereji, madaraja, vyoo na nyumba, na kuwauliza wazee mafuriko yaliwahi kufika wapi. Ramani hiyo ikawekwa wazi kwa yeyote kuitumia. Kabla ya hapo, vijana wa Kibera walikuwa wamefanya kazi kama hiyo kuanzia mwaka 2009. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao waliolala juu ya mfereji ndio waliojua unapozibia. Nakuru ina vyuo, ina vijana wenye simu, na ina wazee wa mitaa wanaokumbuka kila ufa uliowahi kufunguka. Ramani ya mipasuko na ya ukingo wa ziwa, inayosomeka kwa kuandika namba ya ploti, ingeokoa akiba za watu wengi kuliko jengo lolote lenye vioo.

Matatu, soko na miguu

Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, serikali ya kaunti iliziondoa matatu katikati ya mji. Kaunti ilitaka barabara zipumue. Wenye matatu na wafanyabiashara wadogo walilalamika, na mvutano ukaendelea muda mrefu. Kila upande ulikuwa na hoja. Msongamano wa Nakuru ni wa kweli. Vilevile mama mboga aliyenunua gunia la viazi soko la Wakulima alilihisi mgongoni kila mita ambayo steji ilisogezwa.

Katika mizozo ya aina hii, vipimo huamua mshindi bila mtu kutambua. Magari yakihesabiwa na watembea kwa miguu wasihesabiwe, tatizo litaonekana kuwa ni magari kukosa nafasi, na dawa itakuwa barabara pana. Ukihesabu wanaotoka Bondeni, Kivumbini na Flamingo kila asubuhi kwa miguu, na wanaovuka barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret wakikimbia, tatizo linabadilika sura. Litaonekana kuwa ni kukosa njia za miguu, kivuli na mahali salama pa kuvukia. Ukihesabu pia wanawake wanaofika sokoni kabla ya mapambazuko, utajua kwamba mulika mwizi moja ndefu kwenye uwanja haimsaidii anayepita uchochoro wenye giza nyuma ya maduka. Taa kumi fupi zingemfaa zaidi.

Mchuuzi naye ahesabiwe. Meza yake iko pale ilipo kwa sababu wateja hupita hapo. Ukimhamishia soko jipya ambalo hakuna matatu inayosimama karibu, atarudi barabarani baada ya wiki, askari wa kaunti watamfukuza, na mchezo utaanza upya. Soko, steji na njia ya miguu ni mpango mmoja, na wanaofaa kuupanga ni pamoja na wale wanaovitumia vyote vitatu kwa siku moja.

Baraza kabla ya mkataba

Nakuru iliwahi kuwaketisha wakazi wake kuupanga mji wao. Mwaka 1995, kufuatia Mkutano wa Rio wa 1992, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa liliichagua miongoni mwa miji ya kwanza ya kujaribu maendeleo endelevu ngazi ya mtaa, kwa msaada wa Ubelgiji na wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven. Madiwani, maafisa wa hifadhi, wafanyabiashara na wakazi wa mitaa waliketi pamoja kujadili ziwa, makazi na mwelekeo wa mji. Kabla ya muongo kwisha kazi hiyo ilizaa rasimu ya mpango mkakati wa mji mzima. Mpango huo haukuweza kuuzuia mji kutambaa kuelekea kwenye mipasuko, lakini ulithibitisha kwamba watu wa Nakuru wanaweza kuueleza mji wao vizuri kuliko mshauri yeyote.

Tofauti ya leo ni kwamba sheria iko upande wa mkazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya maji safi ya kutosha na makazi yanayofaa. Kifungu cha 184 kinataka sheria ya miji iweke njia za wakazi kushiriki katika uongozi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ikaweka mabaraza ya wakazi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai kwamba anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka kwa nini. Sheria hizi hufanya kazi pale wakazi wanapofika kikaoni wakiwa na maswali mahususi.

Maswali yenyewe ni machache. Mradi huu unajibu shida ya nani, na wenye shida hiyo waliulizwa lini? Unapima nini, na mkazi wa kawaida atayaonaje matokeo kwa simu ndogo? Kipimo kikionyesha hatari, ofisi gani italazimika kutenda, na ndani ya siku ngapi? Mfadhili akiondoka, nani atakitengeneza kifaa kikiharibika, na vipuri vitapatikana Nakuru? Mradi unaoshindwa kujibu maswali haya urudishwe kwa aliyeuleta.

Kalenda ya bajeti nayo haina siri. Chini ya sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya wadi hufanyika kabla ya tarehe hizo, na mara nyingi viti huwa vitupu. Nenda kikao cha wadi yako, uwe unakaa Nakuru, Naivasha au Molo. Nenda na jirani yako, na mbebe majibu ya kisima chenu, picha ya ufa wenu na idadi ya watoto wanaovuka barabara kuu kwenda shule. Dai vipimo hivyo viingizwe katika mpango kabla mkataba wowote wa mitambo haujatiwa sahihi.